Nyumba za mtoni Pangani na vivuli vyake majini: shajara ya picha moja

Jumamosi, mwezi 14 (nahesabu kwa mwezi wa kuandama)

Naanza kuandika leo kabla hata sijachovya brashi, maana nikisubiri picha iishe ndo niandike nitakuwa nishasahau nusu ya mambo. Mradi wenyewe ni picha moja tu ya rangi za maji, nusu shiti, sentimita 38 kwa 56, zile nyumba kongwe za Pangani zinazotazama mto pamoja na vivuli vyake kwenye maji. Nimeshachora Pangani mara nyingi lakini kila nikifika kwenye maji nayakimbia, napaka bluu kidogo chini basi, na nyumba zinabaki kama zimepangwa juu ya meza. Safari hii maji ndo picha yenyewe.

Mi nakaa Tanga mjini, Pangani ni kama kilomita 50 hivi kwenda kusini, na shangazi yangu anakaa Bweni, ng'ambo ya mto. Babu, yaani baba yake shangazi, alibeba marobota ya mkonge pale gatini miaka na miaka. Kwa hiyo zile kuta kwetu sio mandhari tu, ni mahali mtu wetu alipochoka.

Nimechagua Januari makusudi. Nyumba zinatazama kusini, mtoni, na mwezi huu jua limeegemea kusini, asubuhi linapita ubavuni mwa kuta na kila tundu na kila ufa unaonekana. Nilishawahi kwenda mwezi wa sita, kuta zote zilikuwa kwenye kiza siku nzima kwa sababu jua lilikuwa nyuma yake, nikadhani ni mimi sioni vizuri kumbe ni majira.

Vifaa: karatasi ya pamba tupu gramu 300, rangi tano (ultramarini na kobalti ambazo zote ni bluu, oka ya njano, siena iliyochomwa yenye wekundu wa kutu, na amba ya kahawia), brashi bapa moja pana, za duara namba 12 na namba 6, na moja nyembamba ya kamba na nyaya. Nyeupe sijabeba. Jirani aliniuliza kwa nini nisichore Tingatinga nikauza fasta, na mi Tingatinga naiheshimu sana, Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar mwaka 1968 alitumia rangi ya mafuta inayong'aa juu ya hadibodi na ile rangi inafunika, unaweka njano juu ya nyeusi na inakaa. Rangi ya maji haifuniki kitu, mwanga unapita mpaka kwenye karatasi na kurudi, weupe wote unaouona ni karatasi yenyewe iliyoachwa. Kwa maji ya mto naona ndo yenyewe.

Jumatatu, mwezi 16

Leo sijachora kitu ila nimejifunza kuliko siku zote.

Nimelala kwa shangazi, nimeamka nikanywa chai kwa mkate wa kumimina bila haraka, nikashuka mtoni saa tatu na ubao wangu. Maji hakuna. Yaani mto upo ila umerudi katikati huko, upande wa mji kuna tope tupu linang'aa, mitumbwi imelala ubavu, na kale kaupepo kameshaanza kukwaruza maji yaliyobaki. Kivuli cha nyumba hata kimoja hamna.

Kulikuwa na mzee anaziba mtumbwi wake, mvushaji wa zamani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Wapima kiwanja?"

Nikamwambia nachora nyumba na vivuli vyake majini. Akanyamaza kidogo akautazama mto.

"Kivuli cha majini hukipati saa hizi. Leo bamvua, maji yamejaa saa kumi alfajiri wewe umelala. Ngoja mwezi 19. Yatajaa kushakucha, yatasimama kidogo, na upepo utakuwa haujaamka. Hapo utakiona mpaka ukichoke."

Nimekaa na hiyo hesabu usiku huu na iko sawa kabisa. Kujaa kwa maji kunachelewa kama dakika 50 kila siku. Bamvua za huku kwetu, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni. Alfajiri kiza, jioni upepo. Siku tatu nne baadaye kujaa kunasogea mpaka saa kumi na mbili na nusu, saa moja, wakati jua ndo linachomoza na upepo wa matlai, ule wa asubuhi, haujavuma. Siku chache tena mbele kujaa kunaangukia saa tatu, saa nne, maji mafu yanayojaa na kupwa kidogo tu, na upepo ushaingia kazini. Kwa hiyo kwa mwezi mzima nina asubuhi kama sita hivi: mwezi 18 mpaka 20, na mwezi 3 mpaka 5. Hapo hapo kwenye hizo asubuhi nina kama saa moja tu ya maji yaliyosimama. Miaka yote nilikuwa naenda tu siku nikipata nafasi.

Alhamisi, mwezi 19

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kwenye mtumbwi na yule babu mvushaji, tumevuka mpaka karibu na upande wa mji, kama mita 40 kutoka ukuta wa gati, akatia nanga ya jiwe. Pantoni ilikuwa bado haijaanza safari. Maji yamejaa pomoni, hayaendi juu hayaendi chini, na nyumba zilikuwa mbili mbili.

Nilichora haraka kwa penseli, na karibu nifanye ile kazi ya siku zote ya kuchora nyumba halafu kuigeuza chini juu kama kadi ya karata. Ila nilikuwa nimejiwekea sharti: nachora ninachokiona majini, sichori ninachokijua. Basi nikaanza na ile nyumba ya ghorofa yenye roshani ya mbao, bati limeota kutu, chokaa imebanduka mawe ya matumbawe yako nje. Juu, mlango wa chini unaonekana karibu wote. Nikashuka macho majini kutafuta mlango, nikaona nusu ya juu tu. Nusu ya chini haipo! Nikamuuliza babu na yeye akaangalia, akasema enhe, umeliwa na ukuta.

Na ndivyo hasa. Nyumba haiko ukingoni, iko nyuma ya ukuta wa gati na barabara, kama mita 15 hivi. Maji yanaiona nyumba kutoka chini, kana kwamba jicho langu limeshuka likakaa ndani ya mto kina kilekile nilichokuwa juu yake, na ukiwa huko chini ukuta wa gati unakuzibia miguu ya kila kitu kilicho nyuma yake. Maji yakipwa ukuta unakuwa mrefu zaidi na unakula zaidi, maana bamvua huku mita tatu na kitu zinaondoka. Kwa hiyo hata kimo cha maji kinabadilisha sura ya nyumba iliyoko kwenye maji.

Halafu kile kilichonifanya nishike penseli vibaya mpaka ikavunjika: roshani. Juu naona sakafu yake kwa ubavu, mstari tu. Majini naona chini yake, naona boriti za mikoko moja moja zilizotokeza ukutani zikiibeba. Nimezihesabu, 11. Nyumba ya juu inanificha boriti na nyumba ya majini inanionyesha, na hiyo yote iko mbele yetu kila siku.

Saa mbili kasoro pantoni ikapita na mawimbi yake, vivuli vyote vikavunjika vikawa vipande virefu vinacheza, na havikutulia tena maana maji yalishaanza kutoka. Nina michoro mitatu ya penseli na kajaribio kadogo ka rangi. Inatosha.

Jumamosi, nyumbani Tanga

Shiti ya kwanza imekufa, na haikuwa mkono. Nilitandaza anga, rangi nyepesi ya kobalti na oka, na ndani ya dakika moja yakatokea madoa, kama mtu amedondosha mafuta ya taa, sehemu zimekunywa rangi zikawa nzito na fifi, hazifutiki. Ukungu. Karatasi nzuri ya rangi za maji inatiwa gelatini ndani ndo maana rangi inaelea juu kidogo kabla ya kuzama, sasa unyevu wa pwani ukikaa humo kuvu inakula ile gelatini, na kwa macho karatasi inaonekana safi kabisa mpaka uilowanishe. Niliinunua dukani ikiwa kwenye rafu wazi, haina hata nailoni, na ilikuwa bei ya kuumiza. Kwa anayenunua huku kwetu: omba kujaribu kwenye pembe, pitisha brashi ya maji safi, kama kuna vidoa vinalowa haraka kuliko vingine iache hapohapo.

Nilizobaki nazo tatu nimezijaribu pembeni, zote nzima. Nimezifunga kwenye mfuko wa plastiki na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na nimezitoa kabatini maana kabati linagusa ukuta na ukuta unalia maji.

Jumanne

Shiti ya pili. Nyumba zimetoka vizuri sana, nasema kweli. Kuta nimezipata kwa oka na tone la siena, rangi ya singa za mkonge zikianikwa, na hiyo sikuipanga, ilikuja yenyewe halafu ndo nikaitambua. Mkonge wenyewe ulianzia hukuhuku, mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, iliyofika ikiwa hai ni 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka hapo yakaja mashamba yote ya Tanga na marobota yote ya babu. Kuna rafiki alinishauri nizipake kuta nyeupe zionekane za kitalii. Hapana. Huu mji uliishi kwa pembe na sukari ya jasho la watumwa kabla ya mkonge, hapa ndipo Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim Desemba 1889, kuta zake zina haki ya kuonekana zimezeeka.

Maji ndo yamenishinda. Nilipiga vivuli kwa rangi zilezile za nyumba, nguvu ileile, vikatoka vikali na wazi kama nyumba zenyewe, na nikiipeleka picha mbali jicho halijui litue wapi. Nimekaa nayo mpaka usiku. Naona makosa matatu. Moja, kitu cheupe kikiingia majini kinakuwa kizito kidogo na kitu cheusi kinakuwa chepesi kidogo, yote yanasogeleana katikati, mi nimeacha vilevile. La pili kingo, nimezikata kwa kisu wakati kwenye maji zinapaswa kuwa laini upande wa kulia na kushoto, na ncha ya chini irefuke na kuchanika. La tatu nimelisahau kabisa kwamba mto una rangi yake, nimechora kioo.

Siku zilizofuata

Mvua moja ya ghafla, umeme kukatika, shughuli za watu. Nimepaka vipande vya majaribio kwenye mgongo wa shiti iliyokufa, vipande kama 20. Hakuna cha kuandika zaidi.

Ijumaa, mwezi 4

Nimerudi Bweni kwa ajili ya rangi ya maji tu. Nilibeba chupa mbili za kioo. Saa kumi na mbili na nusu maji yamejaa nikateka chupa ya kwanza, saa tatu yanatoka kwa kasi nikateka ya pili pale pale. Nikaziweka juu ya karatasi nyeupe barazani kwa shangazi. Ya kwanza karibu nyeupe, na kijani kwa mbali. Ya pili kama chai ya rangi iliyokaa.

Kumbe mto hapa ni mito miwili inapokezana. Maji yakijaa bahari inaingia na kuusukuma mto nyuma, unaona kijani. Yakipwa mto unashuka na udongo wake, na huu mto unatoka mbali, maji yake yanaanzia Kilimanjaro na Meru, yanapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya umeme huko Hale, ndo yanafika hapa kahawia.

Na hiyo rangi haionekani sawasawa kila mahali, ndo nilichokuja kukiona. Pale maji yanapobeba anga, mng'ao unafunika, huoni udongo. Pale yanapobeba kitu cheusi, mfano chini ya roshani au kivuli cha mkungu, mng'ao hamna na jicho linazama ndani, hapo ndo unaona kijani au kahawia ya mto wenyewe. Kwa hiyo giza la majini halipakwi kwa rangi ya boriti, linapakwa kwa rangi ya mto.

Nimemsimulia shangazi habari ya boriti 11. Alikuwa anachambua mchele, akaniambia bila kuinua kichwa kwamba wao wakiwa wadogo walikuwa wanamsubiri baba yao upande huu wa Bweni jioni, na wakimuona anapita kwenye maji kabla hawajamuona juu ya ukuta walikuwa wanapiga kelele. Sijui niliandike vipi hili. Nimeliandika hivyohivyo.

Jumatatu na Jumanne, shiti ya tatu

Hii nitaieleza taratibu maana imefanya kazi.

Nimeilowesha karatasi pande zote mbili nikaibandika kwenye ubao kwa utepe wa karatasi wenye gundi, nikaiacha ikauke usiku mzima ikakazika kama ngoma. Asubuhi nikapaka anga na maji kwa mpigo mmoja, kutoka juu mpaka chini bila kusimama kwenye mstari wa gati, kobalti na oka kidogo juu, na kadiri ninavyoshuka naongeza amba. Kwa kupitisha mkono mmoja maji yakawa na anga ndani yake tangu mwanzo. Nikaacha yakauke kabisa kabisa. Feni nilizima, inakausha kingo kabla ya katikati na inakuachia mistari.

Mchana nyumba. Kavu juu ya kavu, hapo hakuna uchawi. Mabati ni siena na ultramarini, sikuzichanganya kwenye sahani ila nilizigusanisha kwenye karatasi zikiwa mbichi, na ultramarini ina chembe nzito zinazotulia kwenye vibonde vya karatasi, zenyewe zikafanya ukwaruzo wa kutu. Mawe ya matumbawe nimeburuta brashi kavu kwa ubavu.

Vivuli vya majini nimefanya Jumanne, saa tatu asubuhi, kwa muda wa kama dakika 12. Nililowesha eneo lote la maji kwa brashi bapa safi, halafu nikasubiri. Kusubiri huku ndo kazi. Karatasi ikiwa inang'aa kama kioo rangi itakimbia hovyo, ikishakuwa kavu itakatika kwa kisu kama shiti ya pili. Unaitazama kwa ubavu dhidi ya dirisha, ule mng'ao ukififia ukawa kama ngozi yenye jasho, hapo. Kwa unyevu wa Tanga nimesubiri dakika saba, mtu wa Dodoma huenda hapati hata mbili. Rangi nikaichanganya nzito kuliko nilivyozoea, maana ukiweka rangi yenye maji mengi kuliko karatasi yanafumuka mauamaua kama koliflawa na huwezi kuyatoa.

Nikavuta brashi kushuka chini, wima, kila nyumba mahali pake chini yake hasa. Kivuli cha jua kinaweza kwenda pembeni ila cha majini hakiendi popote, kinashuka moja kwa moja hata jua liwe wapi. Kuta nikazipa oka na tone la amba, zizito kidogo kuliko juu. Mlango nusu. Giza la chini ya roshani nikalitia kijani cha mto, na boriti nikaziacha, yaani nilipaka giza baina ya boriti na boriti, boriti zenyewe ni rangi ya chini iliyobaki. Mkono ulikuwa unatetemeka pale.

Mwisho nikaikamua brashi bapa mpaka ikawa na unyevu tu, nikafuta mistari mitatu myembamba ya ulalo inayokata vivuli, pale kaupepo ka kwanza kanapogusa maji. Hiyo mistari lazima iwe sawa na ukingo wa juu wa karatasi, ikiinama hata nukta maji yanaonekana yanamwagika. Miwili imekaa. Mmoja, wa upande wa kulia karibu na mtumbwi, umeinama kidogo na karatasi ilikuwa ishakunywa, nimeuacha. Kuugusa tena kungechubua.

Jumamosi, mwezi 19

Nimeipeleka Bweni nimeiviringa kwenye kanga juu ya ubao. Shangazi akaitaka barazani penye mwanga, akaisogeza, akaisogeza tena, halafu akaweka kidole bila kugusa karatasi akaanza kuhesabu kwenye maji, moja, mbili, tatu, mpaka 11. Kisha akaniuliza mbona ukutani hakuna mtu.

Sikuweka mtu kwa sababu asubuhi ile hakukuwa na mtu. Nimemwambia hivyo, akasema sawa. Lakini nimekaa nalo njia nzima kurudi, na karatasi nzima bado ninayo moja. Kutoka mwezi 3 tutakuwa tena na maji ya asubuhi, na babu mvushaji ameshaniambia mtumbwi upo.

Hii iliyokwisha kesho inaenda kwa fundi fremu. Nimemwandikia nyuma kwamba kioo kisigusane na karatasi, aweke kadibodi ya pembeni kuacha nafasi, maana huku kwetu kioo kikigusa unyevu unanasa na ukungu unaanzia hapo. Shangazi anataka itundikwe ukuta unaotazamana na mlango, jua lisifike.